Kupachika diski ya NTFS kwenye Linux

Mteja anayeingia steshenari ya Mwanga, Kigoma, na diski ya nje yenye video za harusi kwa kawaida huwa ameijaza kwenye Windows, kwa mfumo wa faili wa NTFS. Kama kompyuta ya duka inatumia Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, hakuna tatizo, kwani tangu toleo la 5.15 la mwaka 2021 kiini (kernel) cha Linux kina programu endeshi ya ntfs3 inayosoma na kuandika NTFS; kwenye toleo la zamani, sakinisha ntfs-3g na uitaje badala ya ntfs3 kwenye amri ya mount hapa chini.

Chomeka diski, fungua teminali, kisha uandike:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,UUID,MOUNTPOINT

Usishangae diski ya tera moja ikionekana kuwa 931.5G, maana mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na amri hii kwa 1,024. Tuseme sehemu yenye ntfs ni sdb1. Ikiwa safu ya mwisho inaonyesha kuwa Ubuntu imekwisha kuipachika yenyewe (yaani kuiunganisha na folda ili faili zake zifunguke) chini ya /media, ibandue kwanza kwa sudo umount /dev/sdb1, kisha uipachike kwa kusoma tu:

sudo mkdir -p /mnt/mteja
sudo mount -t ntfs3 -o ro /dev/sdb1 /mnt/mteja

Kwa kunakili video hilo linatosha, na kwa maoni yangu mali ya mtu haifai kufunguliwa kwa kuandika bila sababu. Ikibidi kuandika, ibandue, kisha uweke uid=1000,gid=1000 (namba ya mtumiaji na ya kikundi chake) mahali pa ro, baada ya kuhakiki namba zako kwa amri ya id.

Hapo ndipo mfumo unaweza kukataa, ukisema diski ni “dirty”, yaani haikufungwa vizuri, pengine kwa sababu ilichomolewa ghafla au umeme ulikatika. Vishawishi ni viwili: chaguo la force, ambalo linaweza kuharibu faili, na ntfsfix, ambayo hurekebisha kasoro chache tu na kuacha ukaguzi wenyewe kwa Windows. Njia salama ni kuirudisha diski kwenye Windows, kuendesha chkdsk /f pamoja na herufi ya diski hiyo, na kuzima mashine kabisa kwa shutdown /s /t 0, kwa kuwa uzimaji wa kawaida huweza kuwa usingizi tu.

Kazi ikiisha, andika sudo umount /mnt/mteja na usubiri amri imalize kabla ya kuchomoa waya. Ikijibu “target is busy”, kuna programu au teminali ambayo bado imo ndani ya folda hiyo. Ifunge, kisha urudie.