Anza na asubuhi: namna ya kuingiza sanaa ndani ya somo katika shule ndogo

Ninafundisha watoto 22 katika shule ndogo huku Pasua, Moshi, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Tuna vyumba vinne, mwembe mmoja uani, na ukuta ambao watoto wanaruhusiwa kuuchora hadi pale mikono yao inapofika. Kila likizo hunijia mwalimu au mzazi anayetaka kuanzisha shule ya namna hii, inayofundisha kwa sanaa, na karibu wote huanza kwa kuuliza tulinunua wapi vinanda na rangi. Hatukununua. Kabla ya vifaa, panga asubuhi yako.

Mwaka wa kwanza nilikosea hapo hapo. Niliweka sanaa Ijumaa mchana, masomo yakishaisha. Watoto walichora maua na nyumba, wakafurahi, wakaenda kwao. Jumatatu tukarudi kwenye kukariri. Mtoto aliyelia kwa hesabu Jumatatu ndiye aliyechora vizuri kuliko wote Ijumaa, na mimi mwalimu wake sikuwahi kuvikutanisha vitu hivyo viwili. Iliniuma nilipokuja kuliona, maana alihama kabla sijajirekebisha.

Kwa hiyo ondoa sanaa kwenye ratiba kama kipindi, uitie ndani ya somo. Sisi tunaanza saa 2 hadi saa 4 asubuhi kwa somo moja tu, na somo hilo tunaendelea nalo kila siku kwa wiki tatu au nne kabla ya kuhamia jingine. Mpango huu si wangu. Ulianza katika shule ambayo mwanafalsafa Rudolf Steiner aliifungua Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919, kwa watoto wa wafanyakazi wa kiwanda cha sigara. Nimechukua ule mpangilio wa asubuhi. Hadithi, nyimbo na udongo ni vya hapa kwetu. Bustani ya mchicha nyuma ya darasa nayo nilishawishika kuilima baada ya kusoma Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967, maana pale shamba ni sehemu ya shule yenyewe.

Dakika 20 za kwanza watoto wasikae. Wasimame duara, waimbe, wapige makofi, wahesabu kwa miguu. Mtoto aliyetembea kutoka Njoro au aliyebanwa kwenye daladala hawezi kuingia darasani akatulia papo hapo. Mwili unataka kumaliza safari yake kwanza. Kisha hadithi au somo jipya, kisha kazi ya mikono, na mwisho kabisa daftari. Usiligeuze hilo la mwisho likawa la kwanza.

Kwa kusoma na kuandika, tumia kinachoonekana dirishani. Herufi M tunaifundisha asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika mlima Kilimanjaro. Ninawatoa uani, wanautazama: Kibo na kichwa chake cha mviringo, Mawenzi na meno yake. Ninawasimulia kisa cha wazee wa Kichaga, jinsi Mawenzi alivyozidi kwenda kuomba moto kwa Kibo mpaka Kibo akakasirika na kumpiga, ndiyo maana amechakaa hivyo. Wanachora vilele viwili na bonde katikati, siku ya pili wanaondoa kivuli na theluji, siku ya tatu inabaki mistari minne: M ya mlima, ya Mawenzi, ya Moshi. Wakubwa wanarudi kwenye mlima huo huo kwa kutoa: mita 5,895 za Kibo toa mita 5,149 za Mawenzi, wapate 746, kisha waione tofauti hiyo kwa macho yao.

Sasa kuzidisha, ambako ndiko wazazi wengi wanaogopa kwamba tunacheza. Tafuta ubao wa sentimita 30 kwa 30, mabaki ya fundi seremala yanatosha. Chora duara kwa kamba na penseli, uligawe mara kumi (kila kipande nyuzi 36), upigilie misumari kumi ya inchi moja, nusu ibaki nje. Andika 0 hadi 9 kuzunguka. Funga uzi wa kufumia kwenye 0.

Mtoto anahesabu kwa tatu na kuupeleka uzi kwenye tarakimu ya mwisho ya jibu: 3, 6, 9, halafu 12 anakwenda kwenye 2, 15 kwenye 5, 18 kwenye 8, 21 kwenye 1, 24 kwenye 4, 27 kwenye 7, na 30 anarudi 0. Akimaliza ana nyota ya pembe kumi mbele yake, na akikosea hata jibu moja nyota inaharibika. Hiyo ndiyo sababu naupenda ubao huu kuliko kalamu nyekundu: kosa linaonekana kwa mtoto mwenyewe, naye anafungua uzi kimya kimya na kurudi nyuma bila mtu kumcheka. Kwa mbili anapata umbo la pembe tano. Kwa nne anapata nyota ya pembe tano. Kwa tano uzi unakwenda na kurudi palepale, nao wanashangaa kweli.

Hapa mwalimu unatakiwa uzuie ulimi wako. Usiwaambie kwamba sita itatoa nyota ileile ya nne, au saba ile ya tatu. Mtoto mmoja wa darasa la pili, mpole sana, alimaliza saba akauweka ubao wake juu ya ule wa jirani yake uliokuwa na tatu. Akautazama muda mrefu, kidole kinafuata uzi. Akasema, "Mwalimu, ni njia moja, ila huyu alikuwa anakwenda na mimi narudi." Tatu na saba ni kumi, nne na sita ni kumi. Tulikaa na jambo hilo siku mbili, na sikuandika chochote ubaoni hadi walipolisema wenyewe.

Kabla hujawapa, fanya wewe usiku wa jana yake, mbao zote kuanzia moja hadi tisa. Mimi mara ya kwanza uzi ulinikatikia kwa sababu ulikuwa uzi wa cherehani. Chukua ule mnene, na kila jedwali liwe na rangi yake.

Kuhusu rangi, chimba udongo mwekundu kwenye kingo za barabara za kupanda Uru au Kibosho, chini kidogo ya majani. Uponde, uutie kwenye ndoo ya maji, ukoroge. Subiri mchanga utuame, kama dakika moja, kisha mimina yale maji ya tope kwenye ndoo nyingine na uyaache yalale. Asubuhi mwaga maji safi ya juu. Tope laini lililobaki ndiyo rangi yako. Changanya na uji mwepesi wa unga wa muhogo uliopoa ili ishike kwenye karatasi ya manila. Uji huo upike wa siku moja tu, ukilala unachacha. Mkaa uliosagwa unatoa weusi, manjano ya jikoni yanatoa manjano, na brashi ni katani iliyofungwa kwenye kijiti. Rosella, yale maua mekundu ya kutengenezea juisi, ni somo peke yake: chemsha, gawa vikombe vitatu, kimoja kitie ndimu, kingine magadi kutoka soko la Mbuyuni. Cha ndimu kinakolea wekundu, cha magadi kinageuka kuelekea bluu na kijani, na darasa zima linataka kujua kwa nini. Ila rangi za maua na majani zinafifia juani. Picha ya kubandika ukutani ichorwe kwa udongo na mkaa.

Mambo ya sheria nitayasema kwa kifupi, ingawa yasikupite. Shule lazima isajiliwe, majengo na vyoo vikaguliwe, walimu wawe na sifa, na mtaala ni ule wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakija, waoneshe maandalio ya somo yaliyoandikwa vizuri. Sanaa haikusamehi karatasi. Watoto wetu wanafanya upimaji wa darasa la nne wa NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, kama wengine. Na mtoto ambaye hajajua kusoma akifika darasa la tatu, mkalishe kando yako kila siku umsikilize akisoma kwa sauti. Brashi peke yake haitamvusha, na mimi nilichelewa kulikubali hilo kwa watoto wawili.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza fedha yao inafanya nini. Usiwaite kwenye hotuba. Waite Jumamosi, weka mbao za misumari na nyuzi mezani, watoto wakae pembeni wasifundishe, na kila mzazi apewe jedwali moja. Mwaka juzi alikuja baba mmoja, dereva wa daladala, ameshaamua kumhamisha binti yake kwa sababu daftari lake lina picha nyingi. Nikampa nane. Alikosea alipofika 32, akafungua, akaanza tena, jasho kwenye paji la uso, huku binti amejiziba mdomo kwa mikono miwili ili asimwambie. Alipopata umbo la pembe tano aliuvuta karibu ubao wa mbili wa mama aliyekaa pembeni yake, akaulinganisha na wake. Ndipo nikamletea daftari la binti yake, naye akaanza kulisoma kutoka ukurasa wa kwanza.