Jinsi ya kuona ncha za kromosomu zilizoungana katika ubongo wa buu la nzi wa matunda

Nzi wa matunda, Drosophila melanogaster, hana telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha ncha za kromosomu katika viumbe wengi. Ncha za kromosomu zake hurefushwa na vipande vya DNA vinavyojinakili na kujibandika mwishoni: HeT-A, TART na TAHRE. Ila kinachozuia ncha mbili zisiungane ni kofia ya protini, HOAP ikiwemo, na kofia hiyo hukaa hata pasipo na vipande hivyo. Ncha iliyovikosa hupungua jozi za besi kama 70 hadi 80 tu kwa kizazi, na nzi huendelea kuzaana. Kwa hiyo ukiona muungano, shuku protini kabla ya urefu.

Tumia nzi wenye hitilafu katika cav, jeni ya HOAP, waliofugwa pamoja na TM6B, kromosomu yenye nakala nzima ya cav na alama ya Tubby. Buu la Tubby ni fupi na nene; lina nakala hiyo nzima, liache. Chagua refu, lililokwisha kutoka kwenye chakula na kupanda ukuta wa chupa.

Toa ubongo kwa vibano viwili ndani ya maji ya chumvi 0.7%. Uweke saa 1 katika maji hayohayo yenye kolchisini mikromola 10 kwa lita, inayosimamisha seli zikiwa katikati ya kugawanyika, kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Vaa glavu, hii ni sumu. Kisha sodiamu sitreti 0.5% kwa dakika 8, ili seli zivimbe. Ukizidisha, seli hupasuka na kromosomu husambaa ovyo. Imarisha seli (si kwa baridi) sekunde 30 katika asidi asetiki, methanoli na maji kwa uwiano wa 11:11:2. Mchanganyiko huu utengenezwe siku hiyohiyo, maana asidi na methanoli hubadilishana kuwa esta zikikaa.

Hamishia kwenye tone la asidi asetiki 45% kwa dakika 1 au 2, funika, kandamiza wima bila kutelezesha kidole. Tumbukiza slaidi katika nitrojeni kimiminika, ng'oa kifuniko kwa wembe, kausha, tia DAPI, rangi inayong'arisha DNA chini ya hadubini ya mwanga wa urujuanimno.

Seli ya jike isiyo na hitilafu ina kromosomu 8: X mbili kama vijiti, za 2 na za 3 zenye mikono miwili, za 4 kama nukta. Katika cav utaona mnyororo, ncha kwa ncha. Kromosomu zilizolaliana tu zisihesabiwe: muungano wa kweli una uzi wa DNA usiokatika.

Kipimo hiki kinafaa pia kwa spishi nyingine, kwa kuwa hakitegemei mfuatano wa DNA. Drosophila biarmipes, kwa mfano, imepoteza vipande maalumu vya ncha; kipimo cha kutafuta HeT-A hakitakufaa hapo.