Kujifunza Kuhifadhi Filamu za Zamani: Ukaguzi Kwanza, Projekta Baadaye

Filamu nyingi za zamani huharibika siku ileile zinapogunduliwa. Mtu hufungua kopo, hushikwa na hamu ya kuona kilichomo, kisha huipachika kwenye projekta. Ukanda uliosinyaa haulingani tena na meno ya mashine, hivyo matundu ya pembeni huchanika mita baada ya mita. Jifunze kukagua kwanza, na ujifunzie kwenye filamu ya milimita 16 ambayo haitamuuma mtu ikiharibika.

Vifaa: mashine mbili za kuzungushia kwa mkono, meza yenye taa chini ya kioo cheupe, glovu nyepesi, rula ya mita moja, lenzi ya kukuzia na daftari.

Anza kwa kujua ukanda umetengenezwa kwa kitu gani. Ukanda wa milimita 35 wa kabla ya miaka ya 1950 unaweza kuwa wa nitrati, ambayo huwaka kwa kasi na hujitolea oksijeni yenyewe, kwa hiyo maji hayauzimi moto wake. Neno SAFETY pembeni halitoshi kukuhakikishia, kwa kuwa maandishi ya nakala mama huweza kuhamia kwenye nakala. Ukishuku nitrati, acha kazi, iweke mahali pa baridi penye hewa, uwaite wataalamu. Poliesta, aina ya plastiki, utaitambua ukielekeza rili kwenye taa: mwanga hupenya ubavuni. Asetati, aina nyingine ya plastiki, huonekana nyeusi.

Sasa nusa. Harufu ya siki maana yake asetati imeanza kuoza, na asidi inayotoka huharakisha uozo huohuo. Itenge na nyingine mara moja. Kwa kipimo sahihi zaidi, weka karatasi ya A-D, inayobadilika rangi ikikutana na asidi, ndani ya kopo lililofungwa kwa siku nzima au zaidi: bluu ni salama, kijani ni onyo, njano ni hali mbaya. Uozo huu haurudi nyuma. Baridi huupunguza kasi tu.

Kisha pima kusinyaa. Tandaza ukanda mezani bila kuuvuta, upime fremu 100 kutoka ukingo wa tundu hadi ukingo uleule wa tundu la 101. Nakala mpya ya kuonyeshea ya filamu ya milimita 16 hufika milimita 762. Ile iliyopita kwenye kamera huanzia karibu 760.5, usiidhanie imesinyaa. Ikipungua milimita 7 au 8, ni karibu asilimia 1, na haifai projekta yoyote. Itahitaji skana isiyotumia meno.

Unapozungusha, shika kingo mbili kati ya kidole gumba na cha shahada, ukiukunja ukanda kidogo sana. Mkono wa kushoto uwe mlegevu. Tundu lililochanika utalihisi kama mkwaruzo mdogo kabla jicho halijaliona. Simama, andika mahali lilipo. Kila kiungo, yaani mahali vipande viwili vilipounganishwa, kipinde taratibu. Gundi ya majimaji ikikauka huachia, na ile haishiki poliesta hata kidogo: huko tumia tepu ya filamu. Tepu ya kawaida ya ofisini usiiguse, gundi yake huvuja hadi fremu za jirani.

Vumbi lifute kwa kitambaa cha mahameli kikavu. Madoa ya mafuta yanahitaji alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kidogo, baada ya kuijaribu mwisho wa ukanda, na ikauke kabisa kabla ya kuzungusha tena. Ukanda wenye sauti ya sumaku usiupake. Maji pia hayafai, hulainisha upande wenye picha.

Ongeza ukanda mtupu wa mita 2 kila mwisho, zungusha kwenye kiini cha plastiki cha milimita 75, uulaze kwenye kopo lenye matundu ya hewa. Asetati mpya ikikaa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 huanza kunuka siki baada ya takriban miaka 40. Jotoridi la nyuzi 4 huirefushia maisha mara nyingi zaidi. Ikitoka kwenye baridi, iache ndani ya mfuko uliofungwa kwa saa 24 kabla ya kufungua, la sivyo matone ya maji yatajikusanya juu ya picha.