Gari la zamani linazimika njiani: anza na jinsi lilivyozimika

Somo hili ni la injini za kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na distributa ya pointi (kigawa umeme wa plagi, chenye pointi ndani: swichi ndogo inayofunguka na kujifunga). Zenye kompyuta zina mambo yake.

Kabla ya kushika spana, kumbuka lilivyokufa. Lilikata ghafla kama mtu kageuza ufunguo? Shuku umeme. Lilikohoa, likavutavuta na kuishiwa nguvu kwanza? Shuku mafuta.

Hatua ya 1. Egesha pembeni, washa taa za tahadhari, ila usisubiri injini ipoe. Wengi hukaa nusu saa, gari linawaka, linafika kwa fundi likiwa zima, naye anabaki kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Hatua ya 2. Injini ikiwa imezimwa, toa chujio la hewa, chungulia koo la kabureta huku ukisukuma kikono cha akselereta. Kabureta nyingi zitarusha uzi mwembamba wa petroli. Ukiuona, nenda hatua ya 4. Usichungulie mtu akipiga stata. Moto ukirudi juu, utaziaga nyusi.

Hatua ya 3. Petroli haipo? Fungua kifuniko cha tangi. Kikivuta hewa "fyuu" na baadaye gari likawaka, tundu lake la hewa limeziba. Halafu angalia chujio la mafuta na mipira: mpira mzee huonekana mzima kwa nje kumbe ndani umevimba. Pampu iwe ya mwisho.

Hatua ya 4. Chomeka plagi ya akiba kwenye waya wa plagi, ishike kwa koleo yenye mpini wa mpira, chuma chake kiguse injini, mbali na petroli. Mtu apige stata. Cheche ya buluu inayolia ta-ta-ta ni nzima. Ikiwa ya njano na hafifu, au haipo, fungua distributa. Pointi zimeungua? Uwazi kati ya pointi umejifunga? Mara nyingi huwa karibu milimita 0.4, lakini fuata kitabu cha gari lako. Kondensa (kikopo kidogo kinacholinda pointi zisiungue) na koili (inayopandisha umeme wa betri uweze kutoa cheche) zina tabia ya kufa kwa joto na kufufuka zikipoa.

Usiusahau waya mfupi ulio ndani ya distributa. Mimi nilibadilisha koili mbili bure. Nilipouvuta taratibu, ganda lake likarefuka kama mpira: nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika ndani.

MASWALI

Langu linazimika nikisimama kwenye taa tu.
– Hilo ni jambo jingine. Safisha jeti ya mwendo mdogo (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli usipokanyaga akselereta), kisha tafuta hewa inayoingia chini ya kabureta au kwenye kibomba kilichopasuka.

Kwenye foleni ya jua kali linakufa. Nikifunika pampu kwa kitambaa kibichi, linawaka.
– Petroli inageuka mvuke kabla ya kufika. Sogeza bomba mbali na eksozi. Kitambaa kikufikishe nyumbani tu.

Kondensa ni mpya kabisa, bado linakata.
– Mpya si lazima iwe nzima. Rudisha ile ya zamani ujaribu.