Kuchuja Tovuti za HTTPS kwa Squid Bila Kufungua Mawasiliano ya Watumiaji

Anayekabidhiwa mtandao wa ofisi ndogo au wa maabara ya kompyuta ya shule mara nyingi huanza kwa kuandika kanuni ya kuzuia ukurasa mmoja wa tovuti fulani, kisha hushangaa kuona kanuni hiyo haifanyi kazi yoyote. Katika HTTPS ukuta wa moto hauoni anwani nzima, bali huona jina la seva tu, ambalo kivinjari kwa kawaida hulitaja waziwazi katika ujumbe wake wa kwanza, kwenye sehemu iitwayo SNI. Katika TLS 1.3, toleo la mwaka 2018 la itifaki inayosimba HTTPS, hata cheti cha seva hupita kikiwa kimesimbwa. Kwa hiyo kanuni zako zitaje majina ya vikoa, si kurasa.

Kwenye ruta yenye Debian, sakinisha Squid, programu ya proksi inayokaa kati ya kompyuta na intaneti, kwa kifurushi cha squid-openssl, kwa sababu kile cha kawaida cha squid hakina uwezo huu. Tengeneza cheti chochote cha kujitilia sahihi, ambacho Squid hukidai ili poti ifunguke ingawa hapa watumiaji hawataonyeshwa, kisha ongeza mistari ifuatayo katika squid.conf bila kuondoa ile ya http_port 3128:

https_port 3129 intercept ssl-bump tls-cert=/etc/squid/proksi.pem
acl hatua1 at_step SslBump1
acl zuia ssl::server_name "/etc/squid/zuia.txt"
ssl_bump peek hatua1
ssl_bump terminate zuia
ssl_bump splice all

Maana yake ni kwamba Squid huchungulia jina, hukata muunganisho ikiwa jina limo katika orodha, na mengine yote huyapitisha kama yalivyo. Ruhusu mtandao wako wa ndani katika http_access (mistari inayosema nani aruhusiwe) na usiweke zuio la tovuti hapo, kwani Squid ikikataa ombi kwa njia hiyo hulazimika kufungua muunganisho ili ionyeshe ukurasa wa kosa, na mtumiaji hupata onyo la cheti linalotisha bure.

Katika zuia.txt andika kikoa kimoja kila mstari, kikitanguliwa na nukta, mfano .youtube.com, ili vikoa vidogo navyo vikamatwe. Video zenyewe hutoka googlevideo.com, kwa hiyo jina moja halitoshi. Kisha elekeza mawasiliano kwenye proksi, ikiwa eth1 ndiyo kadi ya mtandao ya ruta inayotazama ndani:

iptables -t nat -A PREROUTING -i eth1 -p tcp --dport 443 -j REDIRECT --to-port 3129
iptables -I FORWARD -i eth1 -p udp --dport 443 -j REJECT

Mstari wa pili ndio wengi husahau. HTTP/3, toleo jipya la HTTP, husafiri kwa UDP badala ya TCP, hivyo bila zuio hilo kivinjari huipita proksi pembeni. Kikikataliwa, hurudi kwenye TCP chenyewe.

Suala la DNS, mfumo unaogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za IP, linahitaji uangalifu zaidi. Squid hulitafuta upya jina lililotajwa na kulilinganisha na anwani ya IP ambayo kompyuta ilikuwa inaelekea, na zisipolingana huandika katika cache.log "Host header forgery detected", huku tovuti halali zikigoma kufunguka kwa vipindi visivyoeleweka. Hakikisha kompyuta zote na Squid yenyewe zinatumia seva moja ya DNS. Zuia poti 853, inayotumiwa na DNS iliyosimbwa, na uifanye seva hiyo ijibu kwamba use-application-dns.net haipo, ili Firefox isiwashe yenyewe DNS iliyosimbwa. Aliyeiwasha kwa mkono wake hatazuilika kwa hilo.

Kagua kwa squid -k parse, kisha squid -k reconfigure. Tovuti iliyopitishwa huonekana katika access.log ikiwa na neno TCP_TUNNEL. Iliyozuiwa hukatika bila maelezo yoyote, basi waarifu watumiaji mapema, la sivyo simu zitaanza kuingia kwamba intaneti imekufa.

Ukilazimika kuona anwani nzima, itabidi ufungue mawasiliano kwa neno bump na uweke cheti chako cha mamlaka katika kila kifaa. Mimi nisingefanya hivyo ila kwenye kompyuta za taasisi yenyewe, tena kwa maandishi yaliyokubaliwa, kwa kuwa Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Weka splice ya benki na hospitali juu ya mstari wa bump, na uongeze hapo pia programu za simu zinazokubali cheti cha mwenyewe tu, maana hizo zitagoma siku ya kwanza.