Zamu kumi za mwanzo kwenye Polytopia: nyota iende wapi kwanza

The Battle of Polytopia, gemu ya Midjiwan ya Sweden iliyotoka mwaka 2016, haili bando ukicheza dhidi ya kompyuta, ndiyo maana inafaa kwenye basi la Mbeya kwenda Iringa. Mechi ya zamu 30 unaweza kuimaliza kabla hujafika Mafinga. Lakini ukichezea ovyo zamu kumi za mwanzo, hizo ishirini zilizobaki utakuwa unakimbiza mtu ambaye kila zamu anaingiza nyota, yaani pesa za gemu hii, mara mbili yako.

Unaanza na nyota 5, askari mmoja na mji mkuu unaoingiza nyota 2 kwa zamu. Kwa anayejifunza, chagua kabila la Bardur au la Imperius. Bardur wanajua kuwinda tangu mwanzo, Imperius wanajua kuvuna matunda, na kila mnyama au tunda lina bei ya nyota 2 na linaleta mtu mmoja mjini. Kwanza kabisa mtoe askari mjini. Kisha vuna viwili vilivyo ndani ya mpaka, nyota 4 zote ziende hapo. Mji unapanda levo ya 2 papo hapo, na gemu inakuuliza: karakana au mpelelezi? Chukua karakana. Levo imekuongezea nyota 1 kwa zamu, karakana nyingine 1, kwa hiyo kuanzia zamu inayofuata unaingiza 4 badala ya 2. Zile nyota 4 ulizotumia zimesharudi baada ya zamu mbili. Mpelelezi anafungua vizuri mawingu yanayoficha ramani, ila kazi yake inaisha siku hiyo hiyo. Karakana inalipa mpaka mwisho wa mechi.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Levo ya 2 inataka watu 2, ya 3 inataka watu 3 zaidi, ya 4 inataka 4. Mtu aliyeongezwa bila kukamilisha levo haingizi hata nyota moja. Anayevuna tunda moja kwenye kila mji kati ya miji mitatu ametumia nyota 6 na mapato yake hayajasogea. Mkulima wa mahindi wa Mbozi analielewa hili bila kuelezwa: mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia ukiutawanya ekari nne, zote nne zitatoa mahindi ya njano, membamba. Maliza levo ya mji mmoja, ndipo uhamie mwingine. Ukiona nyota zilizopo hazitoshi kukamilisha, nunua askari au ziache zilale hadi zamu ijayo.

Levo ya 3 ni rahisi kuliko inavyoonekana. Watu 3 kwa matunda au wanyama ni nyota 6, na zawadi yake ni ukuta wa mji au nyota 5 mkononi. Ukichukua nyota 5, levo nzima imekugharimu nyota 1 tu. Mwanzoni chukua nyota karibu kila mara. Ukuta uuchukue pale tu adui anapoonekana kwa macho karibu na mji huo. Ukuta peke yake haulindi: Kalenga ya Mkwawa ilikuwa na ngome ya mawe ya kutisha, na bado ilitekwa tarehe 30 Oktoba 1894.

Sasa vijiji, ambavyo ndivyo mali kubwa ya ramani. Kijiji hakina bei. Askari anaingia, anasubiri zamu moja, kisha unagusa alama ya kuteka na tayari una mji unaoingiza nyota 1. Kwa hiyo ununuzi wa pili baada ya karakana uwe askari mwingine, nyota 2, aende upande ambao wa kwanza hakwenda. Wasifuatane. Askari anaona kigae kimoja tu, yaani mraba mmoja wa ramani, kumzunguka: akienda moja kwa moja anafungua vigae vipya 3, akikata kwa pembe anafungua 5. Mpitishe kwa pembe kila njia inaporuhusu.

Ramani yenyewe inatoa dalili. Matunda, wanyama na samaki hawatokei mbali zaidi ya hatua mbili kutoka mji au kijiji. Ukiona tunda hatua nne kutoka mji wako, kijiji kipo karibu nalo, hata kama bado kimefunikwa na mawingu. Tena vijiji haviwekwi kwenye vigae vya ukingo kabisa. Ukikagua pembeni mwa ramani, tembea mstari wa tatu kutoka ukingoni. Unaona wa pili hadi wa nne bila kupoteza hatua. Wenye Xin-xi, kabila linalojua kupanda milima tangu mwanzo, wapande mapema, maana juu ya mlima askari anaona hatua mbili, kama anayeutazama mji wa Mbeya kutoka Loleza. Kumbuka tu kwamba kuingia mlimani au msituni kunakatisha mwendo.

Magofu nayo yana zawadi: nyota 10, teknolojia ya bure, watu wa mji mkuu, au askari mzoefu. Ni bahati nasibu, na kuyachunguza kunakula zamu. Kijiji kikiwa umbali sawa, kijiji kwanza.

Teknolojia, yaani ujuzi mpya unaonunua kwa nyota, ina mtego wa bei. Ya ngazi ya kwanza ni nyota 4 pamoja na 1 kwa kila mji ulio nao. Ya ngazi ya pili ni 4 pamoja na 2 kwa kila mji. Ukiwa na mji mmoja ni 5 na 6, ukiwa na mitatu ni 7 na 10. Kwa hiyo kama nyota zipo na askari wako amesimama kijijini tayari kuteka, nunua teknolojia kwanza, ndipo uteke, ndani ya zamu ile ile. Nunua ile inayovuna kitu unachokiona ndani ya mipaka yako. Teknolojia ya farasi kwenye ramani iliyojaa misitu ni nyota zilizotupwa.

Kabla ya kumaliza kila zamu, angalia vigae viwili kuzunguka mji mkuu, kwa sababu askari wa farasi wa adui anasogea hatua mbili. Adui akisimama ndani ya mji wako, mji huo hauingizi kitu hadi umwondoe. Ukimwona karibu, na mji hauna askari ndani, toa nyota 2, weka askari ndani, hata kama levo itachelewa zamu moja.