Metali nzito kwenye kombe: namna ya kupima kilichomo mwilini na madhara yake

Kombe, mnyama wa gamba mbili wa ufukweni, akikutwa na kadmiamu nyingi, hilo peke yake halithibitishi kwamba anaumia. Mwilini ana protini iitwayo metalothionini, ambayo hushika metali na kuizuia isizurure ndani ya seli. Kombe mwingine anaweza kuwa hoi bila metali yoyote, kwa sababu ya jua kali au mvua iliyopunguza chumvi ya maji. Ndiyo maana vipimo lazima viwe viwili: metali iliyomo kwenye nyama, na madhara yaliyofika kwenye seli. Tatizo ni kwamba kila kipimo kinataka matayarisho yake, na matayarisho ya kimoja huharibu kingine. Matokeo mengi mabaya hayatokani na mashine. Yameharibikia ufukweni, katika saa ya kwanza.

Madhara yenyewe huja hivi. Seli yoyote inayopumua hutoa kiasi kidogo cha haidrojeni peroksaidi. Shaba au chuma kilicho huru hukigeuza kiasi hicho kuwa radikali ya haidroksili, chembe kali isiyotulia, ambayo hushambulia mafuta ya utando wa seli papo hapo. Kadmiamu, risasi na zebaki hupita njia nyingine: hula akiba ya glutathioni, ambayo kazi yake ni kuzima radikali hizo, na kadmiamu hujipachika mahali palipokuwa pa zinki. Kombe hujitetea kwa vimeng'enya kama katalasi na GST (glutathioni S-transferasi). Ulinzi ukizidiwa, mafuta ya utando huharibika na kuacha alama inayopimika, malondialdehaidi, kwa kifupi MDA. Hali hii ndiyo msongo wa oksidisho.

Mahali na siku

Chagua angalau sehemu mbili: moja unayoishuku, kwa mfano karibu na gati, panapopakwa rangi ya vyombo (rangi nyingi za chini ya chombo zina shaba) au panapotupwa betri, na nyingine ya kulinganishia, iliyo mbali na hayo. Ukitaka kulinganisha na eneo la Msimbati, mkoani Mtwara, kumbuka limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, hivyo omba kibali mapema. Kwingineko anza na BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi. Kisha wafuate akina mama wanaochokoa kombe Mikindani, Mtwara, na uwaulize kwa heshima wapi kombe wamekonda siku hizi na wapi wamenona. Wanaijua pwani hiyo shimo kwa shimo, na mara nyingi jibu lao linaokoa safari mbili.

Mtwara na Lindi zina msimu mmoja mrefu wa mvua. Fanya kazi wakati wa kusi, Julai au Agosti, maji yakiwa na chumvi iliyotulia. Sehemu zote zichukuliwe ndani ya bamvua moja. Pima joto la maji, na chumvi kwa rifraktomita. Sehemu mbili zikitofautiana sana kwa chumvi, ahirisha, kwa sababu utakuwa unapima mvua na siyo metali.

Okota kombe wote kwenye mstari mmoja wa maji. Wa juu hukaa mkavu muda mrefu zaidi, na maji yanaporudi mwili wake hupata oksijeni kwa ghafla, vimeng'enya vikapanda vyenyewe. Ukichukua wa juu sehemu moja na wa chini sehemu nyingine, tofauti utaipata, lakini haitakuwa na maana. Urefu wa gamba uwe milimita 45 hadi 55 kwa wote, kwani kiasi cha metali hubadilika na umri na unono. Usichanganye kombe na chaza wa mikokoni katika hesabu moja. Chaza kwa asili yake hulimbikiza zinki na shaba nyingi, hata penye maji safi.

Chukua kombe 40 kila sehemu na uwagawe palepale, 20 kwa 20.

Ishirini wa metali

Hawa waweke saa 24 kwenye ndoo ya plastiki yenye maji safi ya bahari na pampu ya hewa, watoe mchanga na tope lililo tumboni. Bila hivyo utapima tope la Mikindani na kuliita nyama. Kisu cha chuma kinaruhusiwa kufungua gamba tu. Nyama itolewe kwa kijiko au kisu cha plastiki, maana chuma cha pua huacha kromiamu na nikeli. Chupa zilowekwe saa 24 kwenye asidi ya naitriki ya asilimia 10, kisha zisuuzwe mara tatu kwa maji yasiyo na madini. Unapochanganya, mimina asidi kwenye maji. Ukimimina maji kwenye asidi itachemka na kukurukia.

Pima uzito mbichi, kausha kwa nyuzi 60 za Selsiasi hadi uzito usibadilike tena, kisha saga kwenye kinu cha kauri. Kama unatafuta zebaki usikaushe kwenye oveni, kwa sababu huruka na joto. Hiyo ipimwe kwenye nyama mbichi. Maabara itayeyusha takriban gramu 0.5 kwa asidi ya naitriki na kusoma kwa mashine. Dai mambo mawili kabla ya kulipa: sampuli tupu iliyopitia hatua zote, na sampuli ya rejea ambayo kiasi chake kinajulikana. Bila hayo mawili, namba utakazopewa hazina wa kuzishuhudia.

Jambo moja hutia watu hofu bure. Maabara hutoa namba kwa uzito mkavu, lakini vikomo vya chakula ni vya uzito mbichi. Vya Umoja wa Ulaya kwa jamii ya kombe na chaza ni miligramu 1.5 za risasi na 1.0 ya kadmiamu kwa kilo. Kama asilimia 80 ya nyama yako ilikuwa maji, gawanya namba ya mkavu kwa tano kabla ya kulinganisha. Tumia asilimia uliyoipima mwenyewe, usiikisie.

Ishirini wa madhara

Hawa wasikae ndooni hata kidogo. Wapasue ufukweni, toa matamvua, yasuuze kama ilivyoelezwa hapo chini, yakunje kwenye foili yenye namba na uyatumbukize mara moja kwenye naitrojeni ya kimiminika, ile wanayotumia wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Gari liwe na madirisha wazi njia nzima, maana mvuke wake hufukuza hewa ya kupumua. Barafu ya samaki haitoshi. Kwenye barafu hiyo MDA huendelea kutengenezwa, na ukifika maabara utakuta madhara uliyoyafanya mwenyewe. Hifadhi kwa nyuzi 80 chini ya sifuri.

Saga gramu 0.3 za matamvua katika mililita 2.7 za bafa ya fosfeti (maji yanayotunza kiwango cha asidi kisibadilike) yenye pH 7.4, chombo kikiwa juu ya barafu. Tenga mililita mbili za MDA kabla ya kuzungusha kwenye sentrifuji, kwa sababu mafuta ya utando hushuka na machicha. Inayobaki izungushwe kwa nguvu ya 10,000 g (mara 10,000 ya mvutano wa dunia, siyo gramu) kwa dakika 20 katika nyuzi 4. Maji ya juu ndiyo ya katalasi, inayosomwa kwa mashine ya kupima mwanga kwenye nanomita 240 kwa kikombe cha kwazi (plastiki ya kawaida huzuia mwanga huo), na ya GST kwenye 340. Gawanya kila jibu kwa kiasi cha protini kilichomo kwenye maji hayohayo.

Kwa MDA, changanya mililita moja na mbili za mchanganyiko wa TCA (asidi ya trikloroasetiki) asilimia 15 na TBA (asidi ya thiobabituriki, inayotoa rangi ikikutana na MDA) asilimia 0.375 ndani ya asidi ya haidrokloriki ya 0.25 M. Tia kidogo BHT, dawa ya kuzuia oksidisho, la sivyo joto lenyewe litaoksidisha mafuta. Chemsha dakika 15, poza, zungusha, soma rangi ya waridi kwenye 535.

Hapa kombe ana mtego wake. Mpasue utaona: damu yake ni nyekundu, kwa sababu, tofauti na jamaa zake wengi, ana himoglobini. Rangi hiyo husomeka karibu na palepale unaposoma MDA, na chuma chake huchochea oksidisho wakati wa kuchemsha. Suuza matamvua kwa bafa baridi hadi maji yatoke meupe, haraka, kabla ya kugandisha. Ile mililita ya pili ipitishe hatua zote bila TBA, kisha toa jibu lake kwenye la kwanza. Kombe waliopimwa bila kufanyiwa hivi huonekana wagonjwa kuliko walivyo.

Katika kusoma majibu, usidhani vimeng'enya vikiwa chini ni heri. Metali ikiwa ya wastani hupanda. Ikizidi sana hushuka, kwa kuwa vyenyewe vimeharibiwa. Kinachotenganisha hali hizo ni MDA. Vimeng'enya juu na MDA ya kawaida: kombe anajitetea na anaweza. Vimeng'enya chini na MDA juu: amezidiwa. MDA juu huku metali ikiwa kidogo: rudi kwenye daftari la joto na chumvi, au utafute mafuta na dawa za mashambani.

Kama huna maabara

Ongeza kombe 30 kila sehemu. Wapange kwenye trei za plastiki bila maji, katika chumba kimoja chenye kivuli, juu yao gunia bichi lisilowagusa. Badilisha nafasi za trei kila siku. Kila baada ya saa 12 gusa ukingo wa gamba lililo wazi kwa kijiti. Asiyefunga amekufa, andika saa na umtoe kabla hajaozesha wenzake. Linganisha muda uliopita hadi 15 wafe. Kombe waliochoshwa na uchafu huwahi kufa nje ya maji. Kipimo hiki hakitakwambia ni metali gani, ila kitakuonyesha wapi upeleke pesa yako ya maabara. Walioshiriki jaribio wasirudi sokoni, na wasiliwe.